Santuri Moja, Wakwe Wawili

Ukitaka kumjua Tusajigwe wa mtaa wa Katandala, usianze na cherehani yake, ingawa ndiyo iliyomlisha. Anza na kikohozi cha baba mkwe wake. Mzee Ambilikile alikuwa na kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa. Alikohoa kila alipokaribia kona ya njia, na hapo Tusajigwe, hata kama mikono ilikuwa imeshika sufuria ya maharage ya moto, alijitanda khanga mpaka usoni akapotelea mlango wa nyuma. Mzee naye alipita zake huku ametazama mapaa ya watu. Hivyo ndivyo walivyoheshimiana. Kwao Rungwe mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe, hazungumzi naye, wala jina lake halimtoki mdomoni. Wamekuwa Wakristo, wamehamia Sumbawanga, wamejifunza kula ugali wa ulezi, lakini hilo hawakuliacha njiani.

Majirani zao Wafipa walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Silvana, mama mwenye kilabu cha pombe nyumba ya tatu kutoka pale, alimwuliza siku moja, "Sasa wewe Tusa, siku nyumba ikiungua na mzee yumo ndani, utamwokoaje?"

"Nitamwita mama mkwe."

"Na mama mkwe akiwa sokoni?"

Tusajigwe akafikiri. "Basi akohoe tu, nitajua alipo."

Msimcheke sana. Mwanamke yule alikuwa na sababu ya kumheshimu mzee kuliko mila inavyodai, na nitawaeleza.

Ambilikile alikuja Ufipa kama seremala wa Ujenzi, barabara zilipokuwa zinachongwa. Akaja na mkewe, Anyosisye, na mtoto wao wa pekee, Isakwisa. Huyo Isakwisa alikuwa karani wa stoo mchana, na Jumamosi alikuwa mpiga gitaa na mwimbaji wa Lwiche Jazi. Siku hizo kila bendi ilijiita jazi, hata ile yenye magitaa mawili na ngoma moja ya ngozi ya mbuzi. Lakini Lwiche Jazi walikuwa wanajua, bwana! Watu walitoka Kaengesa kwa miguu kuja kucheza, wakarudi alfajiri wamebeba viatu mkononi. Mwaka mmoja wakajikusanya, wakapanda mabasi mpaka Nairobi, wakarekodi santuri moja ndogo. Nyimbo mbili, moja kila upande. Zikaletwa chache, zikauzwa, zikaisha, na bendi yenyewe ikasambaratika kama bendi zinavyosambaratika, kwa ugomvi wa nani mkubwa.

Tusajigwe alikuwa ameolewa na Isakwisa kwa muda mfupi tu homa ilipomchukua mume. Aliugua Jumapili, Ijumaa akazikwa. Martha, binti yao, alikuwa bado yuko mgongoni, hajui baba ni nini. Na katika vurugu za msiba, nyumba imejaa watu na baridi ya Ufipa mnaijua, mtu mmoja akaiweka ile santuri moja waliyobaki nayo karibu na jiko la mkaa. Ilipoonekana ilikuwa imejikunja kama chapati iliyosahauliwa. Hakuna aliyekiri, na hakuna aliyeuliza sana. Sauti ya Isakwisa ikafa mara ya pili.

Baada ya matanga, ndugu kutoka Tukuyu walianza maneno yao. Mjane arithiwe na fulani. La, mjane arudi kwao. La, mtoto abaki, mama aende. Tusajigwe alikuwa chumba cha pili anasikia anavyogawanywa. Hapo kikohozi kikasikika, na sauti ya mzee ikasema, "Mkamwana wangu si mbuzi wa kugawana. Atakaa anapotaka kukaa. Asiyeridhika, basi la Mbeya linaondoka asubuhi."

Wakaondoka asubuhi. Na mzee akachukua msumeno, akamjengea Tusajigwe nyumba ya vyumba viwili nyuma ya yake. Dirisha aliliweka upande wa mashariki ili mwanga uangukie pale cherehani itakapokaa. Hakuambiwa na mtu. Alifikiri mwenyewe mahali mshonaji anapotaka mwanga. Kila asubuhi Tusajigwe alipofungua lile dirisha kifua kilimjaa, maana alitaka kusema asante na hakuwa na njia. Alimtuma mama mkwe, na mama Anyosisye alizifikisha, Mungu ambariki, lakini asante ya kutumwa ni kama chai ya kutumwa, inafika imepoa. Miaka ikapita hivyo. Cherehani yenyewe ilikuwa ya kukodi, na alikuwa anaweka akiba kidogo kidogo anunue yake.

Sasa tuje kwenye santuri.

Ilikuwa ile miaka ya baada ya watu kuhamishiwa vijijini, miaka ya foleni ya sukari na ya kusikia kwamba sabuni imeingia duka la ushirika ukakimbia na kuikosa. Santuri mpya zilikuwa hazifiki tena. Na mnajua binadamu, kitu kikipotea ndipo kinapata sifa. Madereva wa malori kutoka Zambia, waliopitia mpakani Kasesya, waligundua kwamba huko kwao kwenye migodi ya shaba, baa inayopiga jazi ya Tanganyika ndiyo inayojaa. Wakaanza kuulizia santuri za zamani mnadani Sumbawanga. Mwezi wa kwanza walizipata kwa bei ya kikombe cha pombe. Mwezi uliofuata bei ya kuku. Kisha bei ya mbuzi. Watu waliokuwa wanafunikia mitungi kwa santuri wakaanza kuzifuta kwa mashati yao. Modesti, mkata nyasi, aliuza mbili akanunua bati, na tangu siku hiyo alijiita mpenzi wa muziki.

Ndipo Bwana Clemens, afisa wa mkoa, alipopata uhamisho wa kwenda Lindi. Akaamua kuuza vitu vyake mnadani, kitanda, taa ya karabai, viti na sanduku la santuri. Silvana alikuja mbio akihema. "Tusa! Ile ya marehemu imo! Nimeiona kwa macho yangu, ina jina la Lwiche Jazi katikati, haina hata mkwaruzo!"

Tusajigwe aliacha gauni la watu chini ya sindano. Martha alikuwa sasa anaingia darasa la kwanza mwaka unaofuata, na juzi tu alikuwa amemwuliza, "Mama, baba alikuwa anaongeaje?" Tusajigwe alijaribu kuigiza sauti ya mumewe akashindwa, na kilichomtisha ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuisahau. Akafungua mkebe wa akiba ya cherehani. Hakusita hata kidogo.

Angemwambia mama mkwe, na mambo yangekwenda sawa. Lakini mama Anyosisye alikuwa ameenda Tukuyu kwenye matanga ya dada yake, na amemchukua Martha. Daraja kati ya nyumba mbili lilikuwa limesafiri.

Jumamosi ile upepo wa Ufipa ulikuwa unakata masikio. Tusajigwe alifika uwanja wa mnada amejifunga blanketi juu ya khanga, fedha imefungwa pembeni. Sebastiani dalali alikuwa ameshapanda juu ya pipa lake, anauza viti kwa maneno mengi kuliko thamani yake. Mara Tusajigwe akasikia kikohozi.

Hakutazama hata. Alizama nyuma ya mikeka iliyosimamishwa ya wauzaji, akachuchumaa. Ambacho hakukijua ni kwamba mzee naye alikuwa ameona ncha ya khanga yake. Mzee akageuka pale pale kama askari, akaenda kusimama nyuma ya lori la mahindi. Kila mmoja alijificha ili amwachie mwenzake uwanja. Tusajigwe alidhani mzee amefuata kitanda au viti, na atapita.

Hakupita. Basi akamwita Silvana, akamfungulia pindo la khanga. "Nenda wewe. Usiseme ni ya nani. Yule dereva akijua ni sauti ya mume wangu, atapandisha mpaka nilie."

"Niachie mimi," Silvana akasema, akajitengeneza kilemba kama anayekwenda kortini.

Sebastiani akainua santuri juu. "Haya, haya! Lwiche Jazi! Asiyeijua hii hakuwahi kuwa kijana! Nianze na kumi!"

Dereva wa Zambia, mtu mnene mwenye kofia ya manyoya, akataja ishirini. Silvana thelathini. Mwalimu mmoja akajitosa, akajitoa. Dereva arobaini. Silvana hamsini. Dereva akatikisa kichwa, akaanza kutazama taa ya karabai. Nyuma ya mikeka Tusajigwe akafumba macho. Asante Mungu, imekwisha.

"Sitini!" sauti ikaita.

Alikuwa Eustaki, fundi baiskeli. Tusajigwe akachungulia, akamtambua. Mji mzima ulijua kwamba Eustaki hununulia madereva vitu wasipotaka kuonekana wana fedha. Kumbe yule mnene amemtuma huyu! Silvana akaja mbio nyuma ya mikeka. "Niongeze?"

"Ongeza."

Sabini. Themanini. Kila Silvana alipotaja bei alirudi mbio kwenye mikeka kuuliza, na kila Eustaki alipotaja alipotelea nyuma ya lori. Watu wakaanza kuacha kununua vyao, wakasogea. Hakuna santuri iliyowahi kufika huko. Modesti alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, anakumbuka zile mbili alizouza. Mia. Mia na kumi. Eustaki akataja mia na kumi na tano, na pindo la khanga likawa tupu. "Mwambie mia na ishirini," Tusajigwe akasema, "na mwenye cherehani nitamshonea bure mpaka Krismasi anikopeshe."

"Tusa, una wazimu?"

"Nina mtoto asiyemjua baba yake. Nenda."

Hapo sasa nimsifu Sebastiani, maana watu humtukana kwamba ni mwongo, na ni kweli viti vile havikuwa vya mninga. Dalali hula kutoka kwenye bei. Bei ikipanda, na yeye tumbo linapanda. Angenyamaza tu, angekunywa chai na sukari mwezi mzima. Lakini alikuwa juu ya pipa, na aliye juu anaona pande zote mbili. Aliona blanketi na khanga nyuma ya mikeka. Aliona koti kuukuu la Ujenzi nyuma ya lori. Akatazama huku, akatazama kule, mdomo ukabaki wazi.

"Mnada usimame!"

"Kwani kuna nini? Amekufa mtu?" mmoja akauliza.

"Hajafa mtu. Lakini nikiendelea, nitakufa mimi kwa dhambi!"

Akaruka chini, akaenda moja kwa moja nyuma ya mikeka. Tusajigwe alijikunyata akidhani amevunja sheria. Sebastiani akachuchumaa mbele yake, anajizuia kucheka. "Mama Martha, unafikiri unashindana na nani?"

"Na dereva."

"Dereva ameacha tangu hamsini, anataka taa. Mama, aliyemtuma Eustaki ni yule aliyekujengea dirisha. Yuko nyuma ya lori, amejificha asikutane nawe. Na yeye amemwona Silvana, bila shaka anadhani santuri inakwenda kupigiwa walevi kilabuni!"

Tusajigwe alikaa chini kwenye vumbi. Kwanza alicheka. Kisha machozi yakaja yenyewe, akaacha yaje. Wamepandishiana bei, yeye na mzee, kitu kimoja kwa nyumba moja, kila mtu anapigana na adui ambaye hayupo. Na mzee wa pensheni alikuwa amefika mia na kumi na tano.

Habari ikazunguka uwanja kabla Sebastiani hajarudi kwenye pipa. Jamani, kicheko! Wafipa walishikana mabega wasianguke. "Wanyakyusa! Heshima yenu itawafilisi!" Silvana na Eustaki walitazamana kama majogoo waliotenganishwa, kisha nao wakaangua kicheko. Bwana Clemens, mwenye mali, alikuja kuuliza kelele za nini. Alipoelezwa, hakucheka. Alivua miwani akaifuta.

"Nilicheza wimbo huu siku yangu ya kwanza Sumbawanga," akasema. "Bei irudi pale dereva alipoachia. Hamsini."

Watu wakamgeukia yule dereva mnene, maana kwa hamsini angeweza kurudi kudai. Akavua kofia yake ya manyoya. "Mimi nanunua muziki," akasema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo. "Sinunui marehemu wa watu. Wachukue."

Ukaja ubishi wa nani alipe. Sebastiani akaenda nyuma ya lori, akarudi. "Anasema atalipa yeye, wewe kanunue cherehani." Tusajigwe akakataa. Sebastiani akaenda, akarudi. "Anasema basi yeye ataona aibu mbele ya mwanawe." Akatumwa tena. Mwishowe akachoka kabisa. "Nimekuwa dalali wa ng'ombe, wa mbuzi na wa viti vibovu, sijawahi kuwa dalali wa adabu! Nusu kwa nusu, nimegonga!"

Na ikawa nusu kwa nusu. Bwana Clemens akaongeza sindano mpya ya gramafoni juu yake, bure. Hapo ndipo Tusajigwe alipokumbuka kwamba hana gramafoni. Alikuwa amejiambia ataomba ya Silvana pale kilabuni, asubuhi, kabla ya wateja.

Eustaki akakuna kichwa. "Gramafoni ya marehemu si anayo mzee? Ipo chumbani kwake. Kila Jumapili baada ya kanisa ananiita nimsaidie kusafisha betri zisivuje. Haipigi kitu. Anaifuta vumbi tu, anaifunika."

Miaka yote ile, kuta mbili tu kati yao, mmoja ana kiu na mwingine ana kata tupu. Tusajigwe alimkabidhi Silvana santuri aipeleke nyumba ya mbele, akaenda kumalizia gauni la watu, na kushona kwake siku hiyo kulikwenda upogo.

Haikupigwa siku hiyo. Mzee alimtuma Eustaki kusema kwamba watasubiri mama Anyosisye na mtoto warudi, kitu cha nyumba hakiliwi na nusu ya nyumba. Wakasubiri. Basi la Mbeya lilipoingia, mama Anyosisye hakupewa hata nafasi ya kufungua mkungu wa ndizi aliokuja nao. Alipoelezwa mkasa wa mnada alipiga makofi. "Yaani nikitoka kidogo tu! Nyie watu wawili nitawaachia nani nikifa?"

Alasiri ile mzee alikaa sebuleni karibu na gramafoni. Tusajigwe alikaa uani kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza ukuta, chini kabisa ya dirisha la sebule. Martha alisimama mlangoni, pale ambapo babu na mama wote humwona yeye na hawaonani.

Sindano ikagusa. Kwanza mchakacho, kama mvua ya mbali. Kisha gitaa. Tusajigwe alilijua gitaa lile kabla ya akili yake kulijua. Isakwisa akaimba, kijana, mwenye pumzi, hana habari na homa yoyote. Na katikati ya wimbo, pale magitaa yanapopunguza na mwimbaji anazungumza kama wanavyofanya wanamuziki, akasema kwa furaha:

"Salamu kwa mzee Ambilikile wa Ujenzi, seremala bingwa! Salamu kwa mama! Salamu kwa Tusa wangu! Hamjambo huko nyumbani?"

Ndani mtu alipumua kwa nguvu. Majina mawili ambayo hayajawahi kukutana yalikuwa yamekutana, na aliyeyakutanisha alikuwa na haki ya kuyataja yote.

Martha alikuwa ametoa macho. Ni mtoto aliyelelewa, akiulizwa hali hanyamazi. Akasogea mpaka karibu na gramafoni, akaweka mikono pamoja, akasema, "Hatujambo. Shikamoo, baba."

Mama Anyosisye akafunika uso kwa khanga. Gitaa likaendelea, wimbo ukaisha, santuri ikabaki inazunguka, sindano ikichakacha, na hakuna aliyeinuka kuiondoa.

Kisha kikohozi. Tusajigwe alitaka kuinuka akimbie, kama alivyozoea, lakini kikohozi hakikusogea. Sauti ya mzee ikasema polepole, "Wewe ukuta. Mwambie aliyekuegemea kwamba mwanangu alioa vizuri. Mwambie namshukuru kwa kutokwenda."

Ukuta haujakatazwa na mila yoyote. Mbele ya Tusajigwe kulikuwa na sufuria ya maharage, haijaoshwa, akaitazama hiyo.

"Wewe sufuria," akasema kwa sauti ya kusikika, "mwambie aliyejenga nyumba yangu kwamba kila asubuhi nikifungua dirisha namwombea. Mwambie asante. Ilikuwa ya siku nyingi, nilikosa pa kuiweka."

Ndani mzee akapenga kamasi kwa nguvu, mpaka kuku wakashtuka uani.

"Bibi," Martha akanong'ona, "mbona babu anaongea na ukuta na mama anaongea na sufuria?"

"Wanasalimiana," akasema mama Anyosisye. "Kaa chini."

Martha hakukaa. Alikuwa anatazama santuri inavyozunguka. "Babu, rudisha mwanzo. Baba hajaitikia."

Mzee akainua sindano, akairudisha mwanzo. Tusajigwe akaegemeza kichwa ukutani, na mtoto akasimama tena mbele ya gramafoni, mikono pamoja, anasubiri kuulizwa hali.